Charo Wawili na Simu Moja

Kila Jumamosi huja mmoja wenu, au wawili, hapa kwangu Tezo, laptopu kwapani, na kabla hajaketi husema maneno yaleyale: "Mzee, kwangu inafanya kazi, kwenye seva haifanyi." Huyasema kwa sauti ya mtu aliyeonewa. Nimelijibu swali hilo mara nyingi mno, hata mke wangu siku hizi hujibu kutoka jikoni kabla sijafungua kinywa: "Muulize herufi kubwa na ndogo." Hajawahi kuandika mstari mmoja wa msimbo wa kompyuta, na mara nyingi jibu lake huwa ndilo.

Basi nimeona niandike, ili mnaokuja mje na matatizo mapya. Haya ya zamani tuyamalize hapa.

Kwa wasionijua: mimi nilikuwa fundi wa mafriji na eisi za kupoza vyumba katika mahoteli ya Malindi na Watamu. Kompyuta nilijifunza nikiwa na miaka thelathini na mitatu, kwa kitabu kinene ambacho mgeni mmoja alikiacha chumbani, kikiwa hakina kurasa arobaini za mwanzo. Ndiyo maana hadi leo kuna mambo ya msingi ambayo siyajui vizuri, na mambo ya ukurasa wa mia tatu ninayoyajua kama jina langu. Baadaye nikaacha spana, nikafanya kazi ya upande wa seva kwa karibu miaka ishirini. Upande wa seva ni ile sehemu ya tovuti ambayo mtu haioni: inayopokea fomu yake, inayoiweka mahali, inayompa jibu. Mgongo ndio ulionistaafisha. Daktari aliniambia nisikae. Kazi yenyewe ni kukaa.

Sasa hilo la herufi. Kijana mmoja wa Watamu aliitengenezea kampuni ndogo ya kutembeza wageni tovuti yenye picha za kasa na matumbawe. Nyumbani kwake picha zote zilionekana. Kwenye seva zikawa visanduku vitupu. Alibadilisha rangi, akabadilisha ukubwa wa picha, mwisho akabadilisha kampuni ya seva. Alipokuja kwangu nilimwomba anisomee jina la faili herufi kwa herufi. Faili liliitwa "Kasa" kwa K kubwa. Msimbo wake ulilitafuta "kasa" kwa k ndogo. Laptopu yake haijali tofauti hiyo. Seva nyingi zinajali: kwao hayo ni majina ya watu wawili. Dawa yake ni ndogo: majina yote ya mafaili yaandikwe kwa herufi ndogo, pasiwe na nafasi katikati, na uifuate sheria hiyo hata siku uliyochoka.

La pili kwa wingi ni hili: "Nimebadilisha lakini hakuna kilichobadilika." Hili lilinipata mimi mwenyewe, tena asubuhi nzima. Nilikuwa na nakala mbili za kazi moja katika makabrasha mawili, nikawa narekebisha moja huku seva ikisoma nyingine. Nilirekebisha kwa ustadi mkubwa. Tangu siku hiyo nina mtihani ninaoufanya kabla ya jambo jingine lolote: nafungua faili ninalodhani ndilo, naandika katikati yake upuuzi mtupu, nahifadhi, naianzisha programu upya. Ikivunjika, nafurahi, maana nimejua niko mahali sahihi. Isipovunjika, najua nimekuwa nikipaka rangi nyumba ya jirani. Kuianzisha upya usisahau. Programu nyingi za seva huusoma msimbo wako mara moja tu zinapoamka, kisha hazitazami tena.

Na ukiambiwa kwamba mlango fulani unatumika, usihamie mlango mwingine kwa haraka. Seva husikiliza kwenye milango yenye namba, na programu mbili haziwezi kusikiliza mlango mmoja. Anayeukalia karibu siku zote ni wewe mwenyewe: programu yako ya jana, uliyofunga dirisha lake ukadhani umeizima. Itafute, uizime kwa jina.

Kuhusu namba zinazotokea tovuti inapokataa, mbili zatosha kwa kuanzia. Mia nne na nne maana yake mtu amebisha mahali pasipo na nyumba: tazama anwani, tazama njia ulizozitaja kwenye msimbo. Mia tano maana yake nyumba ipo, ila ndani kuna kitu kimeanguka, na aliyekiweka vibaya ni wewe. Mgeni aambiwe kwa upole kwamba kuna tatizo. Wewe nenda ukasome maelezo kamili kwenye faili la kumbukumbu, ambamo seva huandika kila linaloipata. Msilikimbie faili hilo. Nimeona vijana wakitafuta jibu mtandaoni saa nzima ilhali limeandikwa mbele yao, pamoja na namba ya mstari wenye kosa.

Adabu hii ya kusoma kwanza sikuipata kitabuni. Niliipata kwa marehemu Fundi Athmani wa Mambrui, aliyenifundisha mafriji. Alikuwa mtu wa maneno machache na kanzu safi, hata akiwa amelala chini ya kompresa. Siku moja, katika hoteli moja ya Malindi, friji kubwa la jikoni liligoma na samaki wa arusi walikuwa ndani. Mpishi amesimama juu yetu anapumua kwa nguvu. Nikaanza kufungua huku na huku: nikabadilisha waya, nikagusa kidhibiti joto, nikaongeza gesi. Friji likanguruma, likafanya kazi.

Fundi Athmani hakufurahi. Akaniuliza, "Lilikuwa na ugonjwa gani?"

"Sijui, lakini limepona."

"Lipi kati ya hayo matatu lililoliponya?"

Nikainama kukusanya spana zangu.

"Basi hukulitengeneza, mwanangu. Umelitisha tu. Likikuzoea litarudi vilevile."

Lilirudi vilevile baada ya siku nne, nasi tukaanza upya, jambo moja baada ya jingine, yeye akiuliza na mimi nikijibu. Ilikuwa waya. Kwa hiyo mnapokuja hapa mkaniambia, "Nimejaribu kila kitu," mimi husikia huzuni kidogo. Anayejaribu kila kitu kwa pamoja hana alichojaribu.

Nimekuwa nikizunguka. Kisa nilichotaka kuwaambia ni cha Mzee Charo, na kinaanza na kosa ambalo ninyi nyote mtalifanya: fomu inayotumwa mara mbili.

Kulikuwa na kundi la watu wa kujitolea, waumini wa misikiti na makanisa wa hapa pwani, waliojipanga kuleta madaktari wa macho katika kituo kimoja cha afya huko Magarini kwa siku tatu. Siku mbili za mwanzo zilikuwa za kupasua watu wenye mtoto wa jicho, yaani ule ukungu mweupe unaoziba mboni, na pia kuwapa wengine miwani na dawa. Siku ya tatu ilikuwa ya kufungua bendeji tu, hapapasuliwi mtu. Baada ya hapo madaktari wanaondoka, na hakuna aliyejua watarudi lini.

Mimi nilijitolea kuandika mfumo wa kuandikisha. Wahudumu wa afya wa vijijini wangepita nyumba kwa nyumba wiki moja kabla, wapime macho, presha na sukari, wajaze fomu kwenye simu zao, na seva iwapange: huyu upasuaji, huyu miwani, huyu dawa ya matone. Kisha seva ingemtumia kila mtu meseji ya siku yake ya kufika. Kazi ya siku tano. Nikaifanya kwa siku nne, nikajisifu.

Siku ya kwanza ya kuandikisha, mhudumu wa Adu alinipigia simu. Jina lake Kadzo, mwanamke mchangamfu mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya shamba.

"Kaka Kahindi, huu mfumo wako unapenda watu sana."

"Kwa nini, dada?"

"Nimemwandika Mama Sidi mara moja, nikitazama nawaona Mama Sidi watatu."

Nikajua mara moja. Mtandao ulikuwa mzito kule. Kadzo alibonyeza "Tuma", hakuona kitu, akabonyeza tena, na tena. Kila kubonyeza ni ombi jipya kwa seva, na seva yangu ilipokea kila ombi kama mtu mpya. Hili ni tatizo la kawaida kabisa, na lina dawa ya kawaida: fomu inapofunguliwa ipewe namba yake ya peke yake, na namba hiyo isafiri nayo. Ikija mara ya pili na namba ileile, seva ijue kwamba hii ni fomu ileile iliyorudiwa, iiache.

Hiyo ndiyo dawa. Mimi sikuitumia. Ingenichukua nusu siku, na Kadzo alikuwa amesimama uani kwa watu akisubiri. Nikaandika sheria fupi ya mistari miwili: jina likilingana na namba ya simu ikilingana, basi huyo ni mtu yuleyule; yaliyokuja mwisho yakae mahali pa yaliyokuja kwanza. Nikaijaribu kwa majina niliyoyatunga mwenyewe, Juma na Halima na Peter. Ikafanya kazi vizuri sana. Nikampigia Kadzo.

"Sasa tazama."

"Mama Sidi ni mmoja. Ahsante, fundi."

Mkumbuke nilichofanya hapo. Sikuiambia seva ikatae, wala iulize, wala iandike mahali kwamba imefuta kitu. Niliiambia ifute kimya.

Siku ya pili ya madaktari nilikuwa pale kituoni. Nilikaa kwenye meza ya mapokezi kando ya Kadzo, mimi na laptopu yangu, yeye akiwaita watu. Saa tano na nusu akafika mzee mrefu, ameshika bega la kijana mrefu kama yeye. Walikuwa wametoka Adu alfajiri. Macho yote mawili ya mzee yalikuwa na ukungu. Hata mimi niliuona, nami si daktari.

"Shikamoo, mzee," Kadzo akasema. "Karibu. Jina?"

"Marahaba. Charo Kazungu."

Kadzo akatazama skrini. Akaitazama tena. "Mzee, hapa inasema una miaka kumi na tisa."

"Haya," mzee akasema. "Basi nitafutieni mke."

Watu kwenye foleni wakacheka. Kadzo hakucheka. Alinigeuzia skrini. Charo Kazungu, miaka kumi na tisa, macho yanawasha, apewe dawa ya matone. Presha na sukari: patupu.

"Kaka Kahindi, huyu mzee nilimwandika kwa mkono wangu. Upasuaji. Nilimpima mimi."

"Huenda hukubonyeza Tuma."

Alinitazama kwa namna ambayo wanawake wa Adu huwatazama mbuzi walioingia shambani. "Mimi ndiye niliyebonyeza mara tatu kwa Mama Sidi. Kwa mzee huyu nisibonyeze?"

Yule kijana akasema kwa sauti ndogo, "Dada, huyo wa miaka kumi na tisa ni mimi. Siku ile ulinipima na mimi, nilikuambia vumbi linaniwasha."

"Wewe unaitwa nani?"

"Charo Kazungu."

"Ni somo yangu, ana jina langu," mzee akaeleza, kana kwamba sisi ndio tusioona. "Mjukuu wangu. Baba yake ni Kazungu Charo."

"Na simu?" nikauliza, ingawa nilikwisha jua.

"Simu ya nyumbani ni hii moja," kijana akasema. "Inakaa na mimi."

Jina lilelile, namba ileile. Seva ilifanya kama nilivyoiagiza: ilimfuta babu, ikamweka mjukuu mahali pake. Meseji ya "Charo Kazungu, fika Jumatano" ilipoingia, nyumba nzima ilidhani ni ya mzee, kwa sababu nani anaitwa hospitali kwa vumbi?

Nikaenda kwa daktari mkuu, mama mmoja mnyamavu aliyekuwa akinawa mikono kati ya mgonjwa na mgonjwa. Nikamweleza. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Nafasi ninayo moja," akasema. "Lakini simpasui mtu bila vipimo vyake vya awali. Nahitaji presha na sukari za wiki iliyopita nizilinganishe na za leo. Nileteeni kabla ya saa nane. Baada ya hapo tunafunga chumba."

"Na tukikosa?"

"Atasubiri safari nyingine. Macho kama yake hayapendi kusubiri."

Nikarudi mezani. Wazo langu la kwanza lilikuwa la kijinga, na nawaambia ili mlitambue litakapowajia: nifungue msimbo palepale, niondoe ile sheria. Vidole vilikwisha fika kwenye kibodi. Lakini watu walikuwa bado wanaandikishwa, na lolote ambalo ningelibadilisha kwa haraka lingeweza kufuta zaidi. Nikajilazimisha kufanya kwa mpangilio. Kwanza, kuufunga mfumo usipokee fomu mpya. Kadzo akaendelea kwa kalamu. Pili, kuchukua nakala ya data yote kama ilivyo, pamoja na makosa yake, na kuiweka kando. Aliyepoteza kitu ndani ya nyumba hafagii kwanza.

Ndipo nikauliza: mzee alipita wapi kabla ya kufutwa? Jedwali ambamo seva huweka orodha ya watu halina habari zake tena. Lakini fomu ilisafiri kutoka simu ya Kadzo hadi kwenye seva, na seva ilipoipokea, huenda iliiandika kwenye faili la kumbukumbu.

Hapa nina aibu ya pili ya kukiri. Wakati wa kuujenga mfumo niliiambia seva iandike kila fomu nzima inayopokea, ili nione kama inafika sawasawa. Kabla ya kazi kuanza nilipaswa kulizima hilo, maana habari za ugonjwa wa watu hazipaswi kulala kwenye faili ambalo yeyote mwenye ufunguo wa seva anaweza kulisoma. Nilisahau. Msije mkasema Mzee Kahindi kasema muache kumbukumbu za wagonjwa wazi. Siku ile kosa moja lilikuja kumwokoa mwenziwe, na hiyo si njia ya kufanyia kazi.

Faili lilikuwa refu na mtandao wa pale ulikuwa unakatika. Nilipokwama, Kadzo alisimama kwenye kiti cha plastiki nyuma yangu akiwa ameiinua simu yake juu karibu na dirisha ili laptopu ishike mtandao. Mzee Charo alikuwa amekaa benchi la mbele.

"Wewe fundi," akaniita. "Kosa ni la mashine au ni la nani?"

"Ni langu, mzee. Nilidhani watu wawili hawawezi kuwa na jina moja na simu moja."

"Ulidhani." Akageuza uso kuelekea sauti yangu. "Wewe kwenu ni wapi?"

"Ganze, mzee. Sasa naishi Tezo."

"Mgiriama?"

"Ndiyo."

"Jina lako kamili?"

"Kahindi Mwaro."

"Baba yako ni Mwaro nani?"

Nikaona shimo, maana kwetu mtoto hupewa jina la babu yake, lakini nilikwisha ingia. "Mwaro Kahindi."

"Na babu yako?"

"Kahindi Mwaro."

"Mwanao wa kwanza?"

"Mwaro."

Benchi zima likaanza kutikisika kwa kicheko. Mama mmoja alijifunika uso kwa leso. Mzee Charo peke yake hakucheka. Alikuwa anauliza kwa dhati, kama hakimu.

"Sasa, mwanangu, wewe nyumbani kwenu mama yako alipoita Kahindi, waliitika wangapi?"

"Wawili, mzee."

"Na hukukumbuka."

Sikukumbuka. Miaka yote ile ya utoto wangu nilikula uji nikiwa nimekaa kando ya mtu mwenye jina langu, nyanya yangu akiniita mume wake, na bado nilipokaa mbele ya kompyuta niliwaza kwa watu wa kitabuni, ambao kila mmoja ana jina lake na simu yake mfukoni. Juma na Halima na Peter. Ningeijaribu sheria yangu kwa watu watatu tu wa nyumba yangu mwenyewe, ingevunjika siku ileile. Hili ndilo ninalotaka mlishike kuliko mambo ya milango na herufi: jaribu kazi yako kwa watu watakaoitumia, kwa majina yao, kwa simu yao moja, kwa mtandao wao wa kiti cha plastiki.

"Imeshika," Kadzo akasema juu ya kiti. "Fanya upesi, mkono unaniuma."

Nikatafuta ile namba ya simu. Zikatokea fomu mbili. Ya kwanza, saa nne na dakika kumi na nne: Charo Kazungu, miaka sabini na minne, mtoto wa jicho macho yote, presha, sukari, kila kitu. Ya pili, dakika saba baadaye: Charo Kazungu, miaka kumi na tisa. Mzee aliishi ndani ya seva yangu kwa dakika saba.

Nilivinakili vile vipimo kwenye karatasi kwa mkono, Kadzo akavisoma kwa sauti mara mbili, akatia sahihi kwamba ndivyo alivyopima. Saa saba na dakika ishirini aliipeleka karatasi ndani. Alirudi, akamshika mzee mkono, wakaingia.

Sikuondoka. Kosa la namna hii halimpati mtu mmoja. Nikaandika programu fupi ya kulipitia lile faili lote na kunionyesha kila mahali ambapo jina na simu vililingana lakini umri haukulingana. Zikatokea jozi nyingine nne. Tatu zilikuwa babu na mjukuu, moja nyanya na mjukuu. Namshukuru Mungu hakukuwa na upasuaji kati yao. Walihitaji miwani, na miwani huweza kutumwa kwa bodaboda. Jioni ile niliiondoa ile sheria, nikaweka namba kwa kila fomu na namba kwa kila mtu, na seva ikikutana na majina yanayofanana imuulize mhudumu: "Ni mtu huyuhuyu, au ni somo yake?" Kadzo ndiye aliyenipa maneno hayo. Mimi nilikuwa nimeandika kitu cha mistari minne ambacho hakuna ambaye angekisoma. Na lile faili, baada ya kazi kwisha, nililifuta, nikaifundisha seva iandike tu kwamba fomu imefika, isiandike kilichomo.

Siku ya tatu nilikwenda mapema. Sikuwa na kazi ya kufanya pale. Wagonjwa walikaa kwa mstari kwenye viti, kila mmoja na bendeji jicho moja, na daktari akipita kuzifungua. Alipofika kwa Mzee Charo alimwambia afungue jicho polepole, lisishituke na mwanga. Mzee akatazama sakafu kwanza. Akatazama mikono yake, akaigeuza, akaitazama upande wa pili. Daktari akainua vidole viwili, mzee akamuuliza kama anamtania. Akainua vitatu, mzee akasema vitatu.

Kisha akamtafuta mjukuu wake, aliyekuwa amesimama ukutani. Alimtazama kwa muda mrefu, kuanzia miguuni hadi usoni. Kwa miaka kadhaa alikuwa akimjua kwa sauti na kwa bega.

"Somo," akasema.

"Naam, babu."

"Wote nyumbani waliniambia umefanana na mimi."

"Ndivyo wasemavyo."

Mzee akamgeukia Kadzo, kwa uso wa mtu anayetaka shahidi. "Dada, andika kwenye mashine yenu kwamba hawa ni watu wawili mbalimbali. Mimi nilikuwa mzuri."